Rafu ya unga ni tupu: ninunue bale tano?

SWALI: Asalaam alaikum mtaalamu. Naishi Mtwapa na wanangu watatu na mama mkwe. Jumamosi nilikwenda supamaketi nikakuta rafu ya unga wa sima imebaki na paketi kama kumi hivi, na karatasi imebandikwa: paketi mbili kwa kila mteja. Jioni ikaingia video kwenye WhatsApp ya ukoo, watu wanang'ang'ania unga, sijui ni wapi wala lini. Mume wangu yuko kazini Qatar, naye ameshatuma pesa ninunue bale tano na gunia zima la mahindi. Mama mkwe anasema tusingoje, maana 2017 tulizunguka na pesa mkononi tukakosa unga. Mimi naona kama tunajitafutia taabu nyingine. Je, kweli mahindi yamekwisha nchini? Na ninunue kiasi gani?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Nunua bale moja, yaani paketi kumi na mbili za kilo mbili. Kama ile karatasi inakuzuia kuichukua kwa mkupuo, chukua paketi mbili leo, mbili keshokutwa, hadi zitimie. Gunia la mahindi liache kwanza. Nitalirudia baadaye kwa kirefu, kwa sababu jambo lake linagusa afya ya watoto, si mfuko wa mumeo peke yake.

Hesabu yake ni hii. Nyumbani mko watano, na watatu ni watoto. Nyumba kama hiyo ikila sima mara moja kwa siku, paketi ya kilo mbili huenda siku mbili. Paketi 12 ni siku 24. Bale tano ni paketi 60, kilo 120, yaani miezi minne. Katika miezi minne msimu mmoja wa mavuno unaweza kuingia na bei kugeuka kabisa, na wewe bado unakula unga ulionunua kwa bei ya hofu, tena katika joto na unyevu wa pwani, ambako wadudu hawasubiri tarehe iliyopigwa chapa kwenye paketi.

Sasa kama mahindi yamekwisha nchini. Rafu haiwezi kukujibu swali hilo, kwa sababu supamaketi si ghala. Unga ni mzigo mkubwa wenye faida ndogo, kwa hiyo mwenye duka huagiza wa siku chache tu. Tuseme duka lenu huuza paketi 200 kwa siku na lina akiba ya siku tatu, paketi 600. Siku wateja wale wale 200 wakiamua kila mmoja achukue tatu badala ya moja, akiba yote imekwisha kabla ya Magharibi. Hakuna aliyekula zaidi siku hiyo, wala mahindi ya nchi hayakupungua hata punje. Unga umehama tu: umetoka rafuni umeingia chini ya vitanda. Anayekuja Isha anakuta mbao tupu, anapiga picha, na picha hiyo ndiyo inayowatoa nyumbani wateja wengine wa kesho. Wiki mbili baadaye meneja yule yule ana kilio kingine: unga umejaa, wanunuzi hawaji, kwa kuwa kila nyumba inapunguza akiba yake.

Kuna jambo moja hukuniambia, nalo lingenisaidia kuliko video yoyote. Kisiagi cha jirani kinanguruma, au kimenyamaza? Panapokuwa na upungufu wa kweli, hata mahindi ya kupima kwa kasuku au gorogoro sokoni huadimika, na mwenye kisiagi hukaa mlangoni akipunga nzi. Ikiwa paketi zimekwisha supamaketi lakini sokoni mahindi yamemwagwa kwenye magunia na kisiagi kina foleni, basi tatizo liko kati ya msagaji na duka. Hilo ni tatizo, sikatai, lakini si njaa.

Mama mkwe, hata hivyo, usimpuuze. Anakumbuka kitu kilichotokea kweli. Mvua za vuli za 2016 zilikataa sehemu nyingi za nchi, na tarehe 10 Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwaka huo huo viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioonekana Afrika Magharibi mwaka mmoja kabla, wakaingia mashamba yetu. Mavuno ya Kenya yalikuwa yameteremka kutoka magunia milioni 42 hivi mwaka 2015 hadi milioni 37 hivi mwaka 2016, na 2017 yakashuka tena hadi karibu milioni 35. Kwa hiyo upungufu ulikuwepo. Gunia la kilo 90 likapita shilingi 4,000, na paketi ya kilo mbili ikapita 150.

Lakini muulize mama mkwe akumbuke vizuri mpangilio wa mambo. Kwanza unga ulikuwa ghali. Kisha, katikati ya Mei, serikali ikatangaza kwamba wasagaji watauziwa mahindi kwa ruzuku, shilingi 2,300 kwa gunia, na paketi ya kilo mbili iuzwe 90. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Watu wakashangilia, wakaenda dukani, na hapo ndipo unga wa bei hiyo ulipogeuka kuwa wa kuwindwa: foleni kabla duka halijafunguliwa, paketi mbili kwa kila mtu, na wengine kurudi mikono mitupu. Zile pesa mkononi anazozikumbuka mama mkwe, kwa kubahatisha tu, zilikuwa za kununulia unga wa 90.

Kwa nini ulipotea? Hesabu inaeleza vizuri kuliko siasa. Gunia la kilo 90 likikobolewa na kusagwa unga mweupe, robo hivi huondoka kama pumba. Kinachobaki kinajaza takriban paketi 34. Ukinunua gunia kwa 4,500 sokoni, mahindi peke yake yamekugharimu shilingi 132 kwa paketi, kabla hujalipa umeme, karatasi ya kufungia, lori na faida ya duka. Ukinunua lile la ruzuku kwa 2,300, yanakugharimu 68. Msagaji mwenye mahindi ya ruzuku anaweza kuuza kwa 90. Asiyeyapata ana njia mbili tu: azime mashine, au auze unga mwingine kwa bei ghali. Na mahindi ya ruzuku hayakuwa yakimtosha kila msagaji kila siku. Wakati huohuo upande wa pili wa rafu, mnunuzi aliyeona bei imeshuka kutoka 150 hadi 90 hachukui paketi moja. Mwenye kibanda naye anachukua anazoweza, maana akizipeleka mtaani kwa 110 atapata wateja. Bidhaa iliyo rahisi kuliko malighafi yake haikai rafuni, hata ukiweka askari mlangoni.

Watu huita hilo ulanguzi, na kisheria pengine ni ulanguzi. Lakini mimi siwezi kumlaumu mama wa kibanda kwa kufanya hesabu ambayo wizara ilikwisha mfanyia.

Mwaka 2022 filamu ikarudiwa. Paketi ilikuwa imefika shilingi 205. Tarehe 20 Julai, siku ishirini kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti, ikatangazwa kwamba itauzwa 100 kwa wiki nne. Ukaja mwezi wa kuzunguka duka hadi duka. Wasagaji wakalalamika kwamba serikali haijawalipa fidia yao, wengine wakapunguza kusaga. Septemba, Rais William Ruto alipoapishwa, alisema ruzuku hiyo ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja, akaelekeza pesa kwenye mbolea: mfuko wa kilo 50 ukashushwa kutoka 6,500 hadi 3,500. Unaweza kumpenda au usimpende, lakini kuhusu rafu alisema kweli: ruzuku ya bei ya dukani huzaa uhaba wa kile kile inachokusudia kukileta karibu.

Kwa hiyo ninapoona rafu tupu Kenya, swali langu la kwanza huwa: bei iliyoandikwa pale iko chini ya bei ya mahindi sokoni? Ikiwa ndiyo, rafu itabaki tupu hata nchi ikiwa na mahindi. Ikiwa bei imeachwa ipande na bado unga haupo, hapo naanza kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo una historia. Wakamba wana jina la njaa moja ya miaka ya 1980, Nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Maduka ya vijijini hayakuwa na cha kuuza kwa bei yoyote ile. Ndiyo miaka ambayo Kenya ililetewa mahindi ya manjano kutoka Marekani, na Tanzania watu wakala sima ya njano waliyoibatiza unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Huo ndio upungufu ninaouita upungufu. Anayeukumbuka hawezi kutulizwa kwa hotuba ya waziri, na mimi sijaribu kumtuliza. Ninamwomba tu atofautishe ule na huu.

Kutofautisha si kazi ya wasomi. Angalia kalenda kwanza. Ghala la Kenya liko Trans Nzoia, ambako ndiko Kitale, na Uasin Gishu, na huko mahindi hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba hadi Januari. Maana yake, kila mwaka kati ya Mei na Agosti magunia ya mwaka uliopita yanaishia na mapya hayajafika. Hiyo ndiyo miezi ambayo bei hupanda hata mwaka wenye mvua njema. Na sisi katiba yetu imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Yaani tumechagua kupiga kura wakati ambapo unga uko ghali kuliko mwezi mwingine wowote! Halafu tunashangaa kwa nini kila mgombea ana ahadi ya unga. Uvumi wa upungufu ukikufikia mwezi wa Juni, upunguze nusu. Ukikufikia Desemba, lori za Kitale zikiwa njiani, usikilize kwa makini, kwa sababu hapo kuna jambo.

Kisha angalia mpaka, hasa wewe wa pwani. Mahindi tunayokula huku mengi hayatoki Kitale, yanatoka Tanzania kupitia Lunga Lunga, Taveta na Namanga. Kule nyanda za juu kusini, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, huvuna kati ya Mei na Agosti, yaani wakati hasa ambapo sisi tumeishiwa. Uganda nayo huanza kuvuna Julai. Kwa hiyo pengo la Kenya lina kizibo chake jirani, mradi mlango uko wazi. Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi yasitoke, na hilo lilituuma. Machi 2021 tulijifungia wenyewe: tarehe 5 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, malori yakasimama mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti ya vyeti. Ukisikia neno mpaka kwenye taarifa ya habari, liwe na uzito kwako kuliko picha kumi za rafu.

Na ukisikia meli inakuja, usitegemee sima ya kesho. Mahindi mengi yanayouzwa duniani ni ya manjano, chakula cha mifugo. Meupe, tunayoyataka sisi, hupatikana kwa wingi sehemu chache tu: kusini mwa Afrika na Mexico ndizo kubwa. Kusini mwa Afrika kukiwa na ukame, kama mwaka 2024 ambapo Zambia, Malawi na Zimbabwe zote zilitangaza janga, wanaotafuta mahindi hayo wanakuwa wengi na wauzaji ni wachache. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa asilimia 50 kwa mahindi yatokayo nje ya kanda, kwa hiyo kwanza serikali itangaze msamaha, ndipo mfanyabiashara atafute shehena, ndipo meli ipakie, ndipo ivuke bahari. Hizo ni wiki nyingi. Mara kwa mara meli hutia nanga Kilindini wakati mkulima wa Kitale anaanza kuvuna, na bei yake inaangushwa miguuni pake. Hilo nalo ni chanzo cha upungufu wa mwaka unaofuata, ingawa halina picha ya kutuma WhatsApp.

Usidhani haya ni ya nchi maskini. Japani, Agosti 2024, mamlaka ilitoa tahadhari ya tetemeko kubwa, watu wakakimbilia mchele, na rafu za miji mikubwa zikabaki tupu, nchi ikiwa na ghala la akiba la serikali lililojaa. Mwaka uliofuata bei ya mfuko wa kilo tano ilipita yeni 4,000, karibu mara mbili ya ilivyokuwa, na serikali ikalazimika kufungua ghala hilo. Waziri wao wa kilimo, Taku Eto, alijiuzulu Mei 2025 baada ya kusema kwamba yeye hajawahi kununua mchele, kwani wafuasi wake humletea wa kutosha. Kwetu waziri angesema hivyo akaalikwa harambee.

Nirudi kwa gunia, kama nilivyoahidi.

Mwaka ule wa 2017 mimi mwenyewe, mtaalamu ninayekupa nasaha hizi, nilishikwa na hofu. Nilinunua magunia mawili kutoka kwenye lori lililosimama kando ya barabara, nikayalaza chumba cha nyuma juu ya sakafu ya saruji. Sikuyapima unyevu, sikuyapepeta, nilifurahi tu kwamba nimeyapata. Wiki kama saba baadaye nilisikia mchakacho mdogo usiku, nikadhani panya. Nilipofungua gunia la chini mkono ulizama kwenye vumbi. Walikuwa dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, wale ambao Tanzania waliwaita Scania na huku kwetu tukawaita Osama. Majina yenyewe yanakuonyesha jinsi wanavyosaga. Gunia la pili lilikuwa na kona iliyoshikamana, na rangi ya kijani iliyofifia. Nililitupa lote. Mke wangu alitaka tuchague punje nzuri tuwape kuku, nikakataa hata hilo.

Sikukataa kwa deko. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Mengi ya mahindi hayo hayakuwa ya kiwandani wala ya meli: yalikuwa ya nyumbani, yamehifadhiwa ndani na unyevu wake. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na sima iliyoiva vizuri inayo vilevile. Kiasi kidogo cha muda mrefu hakiui leo, lakini hudhuru ini taratibu, na kwa watoto kinahusishwa na kudumaa. Hata viwandani haijaisha: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga kwa sababu hiyo. Ila kiwanda angalau kina mtu wa kukipima. Chumba chako cha nyuma hakina.

Na wakati wa hofu ndio wakati wa mahindi mabaya. Bei ikipanda, mkulima huvuna mapema, dalali hupakia usiku, na kinachofika kando ya barabara Mtwapa hakijakauka. Kiwango kinachokubalika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kwa jicho huwezi kuujua. Lakini kuna kipimo cha chumvi, nacho kinahitaji chupa tu. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, kisha mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa dakika chache, uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana maji, usiyanunue. Ikianguka yote chini, yako chini ya asilimia 15 hivi: unaweza kuyachukua, lakini yaanike tena kabla ya kuyaweka.

Ukiwa na lazima ya kuweka mahindi, weka debe moja au mawili. Yaanike tena juani juu ya turubai, si juu ya udongo, uyatie kwenye ile mifuko yenye mikoba miwili ya plastiki ndani isiyopitisha hewa, uyaweke juu ya mbao mbali na ukuta. Humo wadudu hukosa pumzi wakafa bila dawa. Usage kidogo kidogo. Unga wa kisiagi usiokobolewa una mafuta ya kiini cha mahindi, na katika joto letu huanza kuwa mchungu baada ya wiki chache. Ule mweupe wa paketi hukaa zaidi, ndiyo maana nimekwambia bale moja ya paketi na si debe tano za unga wa kusaga.

Umesema unaona kama mnajitafutia taabu nyingine. Taabu hiyo haiwaangukii nyinyi kwanza. Bale tano ni paketi 60, na kwa sheria ya ile karatasi hizo ni fungu la wateja 30. Mwenye mshahara unaotumwa kutoka Qatar anaweza kununua chakula cha kesho leo. Anayelipwa kibarua jioni na kununua unga wa kupimiwa, robo kilo au nusu, hana kesho ya kununua. Paketi zikiisha dukani, mwenye kibanda anakosa cha kufungua na kupima, au anakipata kwa bei ya juu na kumpimia kibarua huyo kiasi kilichopungua katika kijikaratasi kile kile. Hao ndio wanaolala na uji wa chumvi wakati sisi tunabishana kama upungufu ni wa kweli.

Pesa iliyobaki usiirudishe Qatar. Igawe. Nunua kunde, choroko na maharagwe makavu, ambayo huvumilia miezi kuliko unga. Nunua mchele kiasi. Mchele mwingi tunaokula unatoka ng'ambo, Pakistani hasa, kwa hiyo njia yake si njia ya mahindi, na ni nadra zote mbili kuziba siku moja. Muhogo uko Kilifi nzima, na wazee wa Kigiriama hawajasahau kwamba wari, yaani sima, hupikwa kwa mtama pia. Watoto watanuna siku ya kwanza. Siku ya pili wataomba nazi iongezwe.

Video ile, kabla hujaituma kwa mwingine, ifungue tena uikuze kwenye bei iliyo ukingoni mwa rafu. Kama inasomeka 90, huenda ni ya 2017. Kama ni 100, huenda ni ya Julai au Agosti 2022. Nimeona zote mbili zikizungushwa tena na tena na sauti mpya juu yake. Mtumie mumeo picha ya bei hiyo. Aliye mbali na nyumbani huona njaa haraka kuliko aliye jikoni, na usimkasirikie kwa hilo.

Bale yako ikitimia, andika tarehe kwa kalamu juu ya kila paketi, ya zamani iliwe kwanza, na kila unapomaliza moja ndipo ununue nyingine. Mwachie mama mkwe ufunguo wa kabati hiyo. Atalala vizuri zaidi akizihesabu mwenyewe. Na kama mumeo ameshalilipia gunia kwa simu kabla jibu hili halijakufikia, nenda na chupa na chumvi yako kwa muuzaji kabla halijapakiwa kwenye tuktuk. Akikukatalia kupima, dai pesa.